Kifaranga Hupata Jinsia Yake Kabla ya Ganda

Kila anayetotolesha mayai ya watu anaijua lawama hii: "Umenipa majogoo matupu." Anayelalamika alitaka mitetea, maana mtetea ndiye anayetaga, na jogoo mmoja analitosha kundi zima. Vifaranga wakishakuwa mapora, wakaanza kuwika kwa sauti za kukwaruza na kuparurana kutwa, anayekumbukwa ni mwenye mashine. Nilipoichoka lawama hiyo nilianza kuandika: yai limetoka kwa kuku gani, kuku huyo ana umri gani, alikuwa akila nini, mashine ilikuwa na joto kiasi gani, na mwisho wa yote alitoka jogoo au mtetea.

Daftari hilo ndilo lililonivuta mbali na kuku, nikajikuta nasoma habari za ndege wa visiwani na kasuku wasioruka. Swali langu lilikuwa dogo tu. Je, mazingira yanaweza kubadilisha idadi ya madume na majike? Yanaweza, ila mlango yanaopitia uko mbali na mashine yangu.

Wafugaji wenzangu walikuwa na majibu yao tayari. Yai lililochongoka hutoa jogoo, la mviringo hutoa mtetea; mwingine akasema kinyume chake, kwa uhakika uleule. Pete ikining'inizwa kwa uzi juu ya yai, ikizunguka ni mtetea, ikienda na kurudi ni jogoo. La umbo lina ukongwe wake, kwani Aristotle aliliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Nililijaribu kwa kuyapanga mayai kwenye trei mbili, na trei zote mbili zikaangua nusu kwa nusu au karibu na hapo. Pete sikuihangaikia.

Ushauri wa kupandisha na kushusha joto la mashine ulikuwa na akili zaidi, kwa sababu unatokana na jambo la kweli. Mayai ya kasa yakifukiwa kwenye mchanga wenye joto kali hutoa majike wengi, na kwenye mchanga wa baridi hutoa madume. Mamba nao jinsia yao huamuliwa na joto la kiota. Mtu akijua hayo, ni rahisi kudhani kwamba yai la kuku nalo linasubiri kuambiwa na mashine liwe nini.

Halisubiri. Kwa ndege jinsia huamuliwa na kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli, na mpangilio wake ni kinyume cha wetu. Kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa ndege dume ana kromosomu mbili zinazofanana, Z na Z, kwa hiyo mbegu zake zote hubeba Z. Jike ana Z na W, na yai lake likibaki na Z kifaranga ni dume, likibaki na W ni jike. Anayebadilisha jogoo kwa sababu "huyu anazaa majogoo tu" anamwonea bure.

Na uamuzi huo wa mama hufanyika mapema mno. Kiini kikiwa bado kwenye ovari, saa chache kabla hakijaachiliwa, kromosomu hugawanyika: moja inabaki ndani, nyingine inasukumwa nje na kupotea. Baada ya hapo ndipo kiini kinashuka, kinakutana na mbegu, kinavikwa ute, kisha utando, kisha ganda, safari inayochukua takriban siku nzima. Yai linapofika mkononi mwangu shauri limekwisha siku nyingi. Nikipandisha joto la mashine ninachoweza kufanya ni kuua kiinitete, kifaranga anayeumbika ndani ya yai, ambacho kimekwisha kuwa jogoo au mtetea.

Hilo neno la kuua nililichukulia kwa uzito baada ya kusoma habari za ndege mmoja wa Australia, jamii ya wale wanaofukia mayai yao ndani ya lundo la majani yanayooza na kuyaacha yaatamiwe na joto la uozo. Ann Göth na David Booth walichapisha mwaka 2005 kwamba mayai ya ndege huyo yakiwekwa kwenye nyuzi 34 hutoa madume na majike sawasawa. Kwenye nyuzi 31 madume wanazidi, na kwenye nyuzi 36 majike wanazidi. Ukisikia hivyo utasema, basi ni kama kasa. Lakini hakuna yai lililogeuzwa jinsia. Viinitete vya kike vilikuwa vinakufa zaidi kwenye ubaridi na vya kiume kwenye joto, na kilichohesabiwa ni waliosalia.

Tangu hapo mayai viza yakapata safu yao kwenye daftari. Kabla ya hapo nilikuwa nahesabu walioanguliwa kama kila mtotoleshaji anavyofanya, na viza nayatupa. Lakini aliyeanguliwa ni sehemu tu ya waliotungwa. Wanasayansi hutenganisha mambo mawili: uwiano wa jinsia wakati yai linatungwa, na uwiano wa wale wanaofika mbele. Mazingira yanaweza kugusa wa kwanza, au wa pili, au yote mawili, na ukitazama vifaranga kwenye boksi huwezi kutofautisha. Ndiyo maana utafiti wa mambo haya ulipata nguvu baada ya mwaka 1998, pale Richard Griffiths na wenzake walipotoa kipimo cha DNA kinachoweza kusema jinsia ya ndege wa aina nyingi kwa tone la damu, hata kwa kiinitete kilichofia ndani ya yai. Kwa ndege wengi, kifaranga dume na kifaranga jike hawana tofauti ya kuonekana kwa macho.

Sasa kwa nini mama ahangaike kuchagua? Kawaida hana sababu. Ronald Fisher alieleza mwaka 1930 kwa nini nusu kwa nusu ndiyo hali inayodumu. Kila kifaranga ana baba mmoja na mama mmoja. Majike wakiwa wengi, dume mmoja atapata watoto wengi kuliko jike mmoja, kwa hiyo mzazi mwenye watoto wa kiume atapata wajukuu zaidi, na tabia ya kuzaa madume itaenea hadi pengo lizibe. Madume wakizidi, mambo yanageuka. Mwaka 1973 Robert Trivers na Dan Willard wakaongeza jambo: hata kama jumla ni nusu kwa nusu, mama mmoja mmoja anaweza kufaidika kwa kuegemea upande fulani kulingana na hali yake. Pale ambapo dume mwenye afya hupata majike wengi na dume dhaifu huweza kukosa wote, mama aliyeshiba anafaa kuzaa wa kiume, na mama aliyedhoofika anafaa kuzaa wa kike, ambaye hata akiwa mdogo atapata wa kupandana naye.

Hoja nzuri. Ila hoja nzuri si yai, na mimi nilitaka kuona yai.

Mahali nilipoliona vizuri ni kisiwa cha Cousin, Shelisheli. Hapo anaishi ndege mdogo wa kahawia, mla wadudu, ambaye katika miaka ya 1960 walikuwa wamebaki takriban 26 duniani, wote kwenye kisiwa hicho kimoja. Mwaka 1968 kisiwa kilinunuliwa ili ndege walindwe, na waliongezeka hadi kikajaa. Kisiwa kikijaa, vijana hawana pa kwenda. Binti wengi hubaki kwenye eneo la wazazi na kusaidia kulea wadogo zao. Wana wa kiume huondoka zaidi. Jan Komdeur na wenzake walihesabu wadudu chini ya majani, eneo kwa eneo, wakajua nani anaishi kwenye utajiri na nani kwenye njaa. Kwenye eneo lenye wadudu wengi binti msaidizi ni faida, kwa kuwa chakula kipo na mikono imeongezeka. Kwenye eneo maskini binti huyohuyo ni mdomo wa ziada.

Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1997 nimeyasoma mara nyingi kuliko ninavyohitaji. Kwenye maeneo maskini, asilimia 77 ya vifaranga walikuwa wa kiume. Kwenye maeneo tajiri ambako wasaidizi hawakuwapo au alikuwapo mmoja tu, wa kiume walikuwa asilimia 13. Na wasaidizi wakishafika wawili hata kwenye eneo tajiri, mama alirudi kwenye wa kiume, maana nyumba imejaa. Halafu watafiti wakafanya kilichonifanya niamini: walihamisha jozi za ndege kutoka maeneo maskini kwenda maeneo tajiri ya kisiwa kingine. Mama walewale, waume walewale. Waliokuwa wakizaa wana wa kiume kwa asilimia 90 wakaanza kuzaa mabinti kwa asilimia 85. Ndege hawa kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa msimu, na hilo ni muhimu, kwa sababu mama wa yai moja hana nafasi ya kutaga mengi kisha kuacha mengine yafe. Chaguo lilifanyika kabla ya yai.

Mfano wa pili ulinigusa kama mlisha ndege. Kakapo ni kasuku mzito wa Nyuzilandi, haruki, hutembea usiku, na huzaa miaka ile tu ambayo miti fulani ya msituni inatoa matunda mengi. Madume hukusanyika na kunguruma usiku, majike huja kuchagua, na dume mmoja anaweza kupata majike kadhaa huku jirani yake asipate hata mmoja. Mwaka 1995 walikuwa wamebaki 51. Wahifadhi walifanya kile ambacho mfugaji yeyote angefanya: waliwapa majike chakula cha ziada ili wazae. Majike wakanenepa, na wakaanza kutoa vifaranga wa kiume kwa wingi. Kwa ndege anayekaribia kutoweka hilo ni balaa, kwani ongezeko la kundi linategemea majike.

Mama aliyeshiba anazaa wa kiume, kama Trivers na Willard walivyosema. Wahifadhi waliichukua nadharia hiyo wakaifanyia kazi: kila jike akapimwa uzito, na chakula kikatolewa kwa kipimo ili awe na nguvu ya kutaga bila kuvuka uzito uliokuwa ukileta madume. Mwaka 2006 Bruce Robertson na wenzake waliripoti kwamba uwiano umerudi karibu na nusu kwa nusu. Sijui mfano mwingine ambapo hesabu ya karatasini ya miaka ya 1970 iliamua kiasi cha chakula kwenye bakuli la ndege.

Usiibebe kanuni hiyo ukaipeleka kila mahali. Kwenye ndege wa Cousin utajiri ulileta majike, kwa kakapo shibe ilileta madume. Kila aina ina hesabu yake, inayotegemea nani anagharimu zaidi kumlea, nani anabaki nyumbani, na nani anaumia zaidi njaa ikiingia. Ruedi Nager na wenzake walijaribu shakwe nchini Uingereza kwa kumwondolea mama mayai ili aendelee kutaga hadi achoke. Kadiri alivyochoka, mayai ya mwisho yaliegemea upande wa kike; waliopewa chakula cha ziada hawakuegemea hivyo. Vifaranga wa kiume waliotoka kwenye mayai duni walikufa zaidi, wa kike wakastahimili. Kwa kozi wadogo wa Uholanzi kinachohesabika ni kalenda: viota vya mapema vina madume wengi, vya kuchelewa vina majike wengi, kwa sababu dume aliyezaliwa mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kuanza kuzaa akiwa na mwaka mmoja.

Na wapo wasiomaliza shauri kwenye ovari. Kuna kasuku wa kaskazini mwa Australia ambaye dume wake ni wa kijani na jike mwekundu, tofauti inayoonekana hata kwenye manyoya ya kwanza ya kifaranga. Mashimo ya miti wanamotagia ni machache, na mabovu hujaa maji mvua ikinyesha. Robert Heinsohn na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba mama mwenye shimo bovu, akiwa na kaka na dada, huweza kumuua wa kiume siku za mwanzo kabisa. Wa kike hukua na kutoka shimoni mapema zaidi, kwa hiyo kwenye shimo la mashaka ndiye mwenye nafasi ya kuokoka mafuriko.

Mama anafanyaje? Hapa watafiti wengi hutazama homoni, hasa ile ya mfadhaiko, kotikosteroni. Kware waliowekewa homoni hiyo walitoa majike zaidi. Kuku waliodungwa homoni hiyohiyo kwa wingi, saa chache kabla kiini hakijaachiliwa, walitoa madume zaidi. Homoni moja, matokeo yanayopishana, kulingana na aina ya ndege, kiasi na wakati. Atakayekuuzia dawa ya kuongeza mitetea muulize kwanza anazungumzia saa ngapi za mzunguko wa kuku.

Baada ya kusoma yote hayo nililirudia daftari langu nikiwa na hamu. Nilitaka kumwona mtetea wangu mmoja akifanya kama ndege wa Cousin. Nilitenganisha waliokula vizuri na waliokula vibaya, vijana na wakongwe, waliotaga miezi ya joto na ya baridi. Tofauti zilizojitokeza wazi zilikuwa za uhai: waliokula vibaya walitoa viza nyingi na vifaranga legevu. Kwenye jinsia kulikuwa na kupanda na kushuka, na mwanzoni kila kupanda kulionekana kuwa na hadithi.

Kisha nikapiga hesabu. Kama jinsia ni sawa na kurusha sarafu, mtu anayeangua vifaranga 12 ana nafasi ya karibu asilimia 19 ya kupata majogoo 8 au zaidi, bila sababu yoyote ya ziada. Ukiwa na kuku 10 na kila mmoja akaangua 12, kuna nafasi ya karibu asilimia 88 kwamba angalau mmoja wao atapata majogoo 8 au zaidi. Huyo ndiye atakayeitwa kuku wa majogoo, na ndiye atakayechinjwa. Kugundua kwa uhakika wa kutosha kwamba kundi linatoa asilimia 55 badala ya 50 kunahitaji vifaranga karibu 800. Wafugaji wangapi wana daftari la vifaranga 800 wa hali moja, na viza ndani yake?

Sisemi kwamba kila mfululizo ni bahati. Jike mmoja wa wale kasuku wekundu, akiwa amefugwa, alitoa vifaranga wa kiume 20 mfululizo kabla ya kutoa wa kike wa kwanza. Kwa sarafu hilo hutokea mara moja kwenye majaribio zaidi ya milioni moja. Hapo hata mimi nakubali kuna mkono. Majogoo 8 kati ya 12 ni jambo jingine kabisa.

Hata wenye maabara wamenaswa na mtego huu. Viota ni vichache, sababu za kupima ni nyingi, na matokeo ya kuvutia ndiyo yanayochapishwa haraka. Mwaka 2004 John Ewen na wenzake walikusanya tafiti za ndege zilizokuwapo wakauliza kama ushahidi wa jumla wa mama kuchagua jinsia upo kabisa. Jibu lao lilizua mabishano, na miaka 2 baadaye walirudi wakiwa wamelegeza msimamo kidogo. Kwa maoni yangu kinachosimama imara ni pale mtu alipohamisha ndege, au kubadilisha chakula chao, uwiano ukafuata. Pale alipotazama tu na kulinganisha, nasoma nikiwa na kalamu ya kuhesabu mkononi.

Kwa wateja nimebadilisha namna ya kuongea. Anayeleta mayai namwambia ajiandae kwa nusu kwa nusu, na kwamba kundi dogo linaweza kuegemea upande wowote. Akitaka kufanya jambo la maana, awalishe wazazi vizuri kabla hawajataga. Hilo litampunguzia viza, na huko ndiko anakopoteza mitetea wengi zaidi kuliko kwenye uwiano.

Anayetaka mitetea peke yao nampa njia inayotumia Z na W zilezile. Jogoo wa rangi ya dhahabu, kama Rhode Island Red, akipandishwa kwa mitetea wenye rangi ya fedha, kama Light Sussex, vifaranga hutoka na rangi mbili. Mama huwapa Z yake watoto wa kiume tu, na kwenye Z hiyo kuna fedha, kwa hiyo majogoo huanguliwa weupe weupe. Mitetea hupata Z ya baba peke yake, wakatoka na kahawia ya dhahabu. Hakuna aliyeongezeka wala kupungua, ila mnunuzi anawatenga siku ileile ya kuanguliwa, kabla mapora hawajamaliza mfuko wa kwanza wa chakula.